Filimbi Siyo Shamba

Nimemtukana Refa wetu karibu kila Jumapili ya msimu kwa zaidi ya miaka ishirini, na simjui mtu mwingine ninayejivunia kufahamiana naye kama yeye. Jina analo, tena la ubatizo, lakini huku juu Mgeta ukilitaja watu watakuuliza unamtafuta nani. Sema Refa tu, utapelekwa mpaka mlangoni.

Mimi ni mfanyabiashara wa kabichi. Nanunua shambani, napakia kwenye fuso, nashusha Morogoro Mjini, nyingine zinaendelea Dar. Wananiita Mama Kabichi na sikatai. Nasema haya mapema mtu asije akadhani nimesomea mpira. Nilichosomea mimi ni kusimama pembeni ya mstari na kupiga kelele, na kwa hilo huku kwetu sina mpinzani. Nyumba yangu na ya Refa zimetenganishwa na ngazi za udongo na kiraka cha njegere, kwa hiyo Jumapili jioni nikishamaliza kumtukana tulikuwa tunapanda pamoja kurudi nyumbani, naye njiani ananieleza taratibu ni wapi nilipokosea. Hakuwahi kuninunia hata siku moja, na hilo lilikuwa linaniudhi kuliko maamuzi yake.

Ili umwelewe, kwanza ujue alikuwa anaogopa nini. Kuna sisi, na kuna wenzetu wa ng'ambo, upande wa pili wa bonde. Zamani mechi ya sisi na wao ilikufa. Mara ya mwisho iliisha kwa mawe, mtu mmoja wa ng'ambo akavunjika taya, na baada ya hapo hawakupanda kwetu wala sisi hatukwenda kwao. Hata misiba tulipeana pole kwa kutuma mtu. Kabichi za kule nilikuwa nazisikia tu kwamba ni nzuri. Refa ndiye aliyeifufua ile mechi, na tangu siku hiyo alikuwa na hofu moja, kwamba siku akiiweka filimbi chini, mawe yatarudi. Ukali wake wote, ubishi wake, visa vyake vyote, ukivikwangua kidogo unaikuta hofu hiyo imekaa chini yake.

Aliifufua kwa utani. Ukoo wake na ukoo mkubwa wa ng'ambo ni watani, na mtu wa mbali asidhani utani ni mzaha tu. Mtani anaweza kuingia msibani kwako, akavaa koti la marehemu, akamwigiza alivyokuwa akikohoa, na wewe mfiwa ukacheka hata kama hutaki, maana kumkasirikia hairuhusiwi. Basi Refa alishika njia peke yake, akavuka bonde, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa yule aliyevunjika taya. Akajikaribisha, akakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, akadai chakula. Chakula kilipoletwa akamtazama mwenyeji wake na kuuliza kama lile taya limeshapona linatafuna, au mkewe bado anamsagia kama mtoto wa miezi sita. Waliokuwepo wanasema mama mmoja alishika mlango tayari kukimbia. Yule bwana akacheka. Alicheka huku ameshika shavu, kwa sababu kumbe lilikuwa bado linamuuma. Kabla sahani hazijaondolewa walikuwa wamekubaliana kwamba mechi itachezwa, ila mpuliza filimbi awe yeye na si mwingine.

Kwa hiyo alichezesha wakwe, majirani na mahasimu kwa ulimi kama alivyochezesha kwa filimbi. Mchezaji wa ng'ambo akicheza rafu, Refa alimwonyesha kadi ya njano huku akimweleza kwamba si kosa lake, ni njaa ya ukoo wao. Naye alirudishiwa palepale, miguu yake ilivyopinda, pua yake ilivyo, na hakuna aliyepandisha hasira. Sisi wa kwake ndio tuliokuwa na shida, kwa sababu kwetu hakuwa mtani, alikuwa mtu wetu, na mtu wako ukitegemea akubebe na asikubebe, moyo unawaka.

Uwanja wetu una mlima. Huku Uluguru tambarare ni ile uliyoichonga mwenyewe kwa jembe, na waliochonga uwanja walichoka kabla ya kumaliza. Kuna goli la juu na goli la chini. Timu inayoshambulia goli la chini inateremka na mpira unawatangulia wenyewe, na inayoshambulia la juu inapanda kama wabeba viazi. Wageni kutoka mjini wakiuona wanacheka, halafu wanauliza itakuwaje. Refa alikuwa anawajibu kwamba waliotunga sheria za mpira walitufikiria, ndiyo maana kipindi cha pili timu zinabadilishana magoli. Kila mtu apande na kila mtu ateremke, akimaliza hapo hana malalamiko.

Mistari tulichora kwa majivu. Mama zetu walikusanya ya jikoni wiki nzima, na Jumapili asubuhi baada ya misa ya kwanza Refa aliyamwaga mwenyewe, mgongo umeinama, hataki kusaidiwa. Alikuwa na maneno makali kuhusu mstari. Mstari ni sehemu ya uwanja, alikuwa anasema, na mpira haujatoka mpaka utoke wote, hata ukibaki unagusa kwa ukucha bado uko ndani, na goli vilevile si goli mpaka mpira wote uvuke. Upande wa kusini, mpira ukitoka umetoka kweli, unaingia kwenye korongo na kuanza safari. Wakati watu wanaufuata, yeye alisimamisha saa yake na kukaa juu ya jiwe. Muda uliopotea lazima urudishwe, ndivyo sheria inavyotaka, na yeye aliurudisha wote bila huruma. Nimewahi kupika, nikala, nikarudi, nikakuta kipindi cha pili bado kinaendelea.

Sheria zenyewe alituambia ni kumi na saba, wala si nyingi, mtu anayejua rozari anaziweza. Na alizifuata hata zilipotuumiza. Kuna mwaka timu moja kutoka bonde la mbali ilifika na wachezaji wanane, gari lao limezimika njiani na wengine wamebaki wakilisukuma. Nahodha wetu akasema hawajatimia, tupewe ushindi. Mimi nikaunga mkono kwa sauti yote niliyopewa na Mungu. Refa akasema timu ni watu kumi na moja, mmoja wao kipa, lakini wakipungua mechi inaruhusiwa ilimradi wasishuke chini ya saba, na hawa ni wanane, mmoja amezidi. Wakacheza wanane kwa kumi na moja. Wakatufunga. Siku ile nilimtukana mpaka sauti ikakauka, na njia nzima ya kurudi nyumbani sikumsemesha, yeye akaniongelesha habari za bei ya kabichi.

Kuotea alinielezea akiwa jikoni kwangu, kwa sababu mimi niliona ni uonevu mtupu, mtu amekimbia mbele kwa nguvu zake halafu anaambiwa amekosea. Alichukua mwiko, vikombe na kitunguu, akapanga. Huyu hapa mshambuliaji, hawa mabeki wawili, kipa ni kitunguu. Mwenzako anapokupasia, kama umesimama upande wao wa uwanja, umeupita mpira, na kati yako na mstari wa goli wamebaki chini ya wapinzani wawili, hapo umeotea. Nikasema kwa hiyo kusimama tu ni kosa. Akasema hapana, ndipo watu wanapochanganya. Ukiwa jikoni kwa mwenzako chakula hakijaiva, hujaiba kitu, umesimama tu. Ukitia mkono chunguni ndipo tunaitana. Toka siku hiyo nimeelewa, ingawa niliendelea kupinga kwa kadiri ya mahitaji ya timu.

Halafu kuna ukungu. Watu wa mjini wanauona kwa mbali, umekaa juu ya milima, wanasema pazuri. Sisi tunaishi ndani yake. Unashuka katikati ya mechi na dakika chache baadaye kipa haoni mwenzake. Sheria inataka mwamuzi aone anachokiamua, na kuwatoa watu wote nje kila mara ni kupoteza siku nzima. Kwa hiyo Refa alituwekea desturi yake. Alipuliza filimbi ndefu, akaukumbatia mpira, akatangaza kwamba kila mtu akae alipo. Wachezaji ishirini na wawili wanakaa chini kwenye majani mabichi, kila mmoja mahali pake, mpaka ukungu ufunguke, ndipo audondoshe mpira na mchezo uendelee. Wewe uliye pembeni huoni kitu, unasikia tu watu wanakohoa na wengine wanazungumza. Ukikaa muda mrefu namna ile karibu na mtu uliyekuwa unamkaba, mwisho unamuuliza habari za kwao. Beki wetu mmoja na mshambuliaji wa ng'ambo walianzia hapo biashara ya karoti, mpaka leo wanapakia gari moja.

Ila kuna mshambuliaji wetu aliyeona ukungu ni fursa. Akajiburuza kwa makalio kimyakimya kuelekea goli lao, na ukungu ulipofunguka akawa amekaa karibu na kipa, anatazama mawinguni kama mtu anayesali. Refa hakumuuliza chochote. Majani yalikuwa na umande, na nyuma ya yule kijana kulikuwa na njia imelala, imenyooka, kutoka alipokuwa mpaka alipofika. Refa akaifuata ile njia kwa hatua zake za pole, akamfikia, akamwonyesha njano, akamrudisha nyuma kwa kidole. Ng'ambo walicheka mpaka wakalala chini. Hata mimi nilicheka, ingawa yule alikuwa mpwa wa Refa mwenyewe, mtoto wa dada yake, na nitamrudia.

Alipenda sana kuhadithia asili ya mpira, hasa vijana walipogombana. Alikuwa anaanza kwa kusema kwamba hakuna kabila duniani lisilowahi kupiga kitu teke. Wachina walipiga ngozi iliyojazwa manyoya, zamani sana. Sisi tulipiga majani ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba. Waingereza nao walipiga, lakini kwao kila shule ilikuwa na mpira wake. Huku wanaruhusu kushika kwa mikono, kule marufuku, kwingine kumpiga mwenzako teke la muundi ndiyo utamu wenyewe. Wakikutana ni vurugu, maana kila mmoja anacheza sheria za kwao na kila mmoja ana haki. Ndipo wakubwa wao wakakaa kikao London, tena kilabuni, kwenye vinywaji, wakabishana siku nyingi, wakaandika. Wengine hawakukubali mateke ya muundi yaondolewe, wakasusa, wakaenda kucheza ya kwao, na ndugu zao ndio hawa wa raga. Waliobaki ndio waliotupa mpira huu. Padri wetu hakuipenda ile habari ya kilabuni, akamwomba aseme ukumbini. Refa alikataa. Alisema watu wazima waliokuwa wakiumizana walikaa mahali pamoja wakakubaliana, na kama walikuwa wanakunywa, sifa zao zinaongezeka.

Mtu wa namna hii ungedhani ni mnyoofu kila mahali. Wapi. Kwenye bao alikuwa mwizi wa wazi. Alihamisha kete huku anakutazama usoni na kukuuliza habari za watoto, na ukimkamata anasema bao halina refa. Kanisani alisinzia, tena mbele. Na uwanjani alikataa kabisa shikamoo. Mchezaji akimwendea na shikamoo yake ya kinyenyekevu kabla ya mechi, alipitishwa kama hajaonekana, maana alijua ile salamu imebeba ombi. Mechi ikiisha alisimama pale katikati akawaitikia wote mmoja mmoja, marahaba, marahaba, mpaka wa mwisho.

Kasoro yake kubwa nyingine aliijua mwenyewe. Sheria inamruhusu mwamuzi kubadili uamuzi akigundua amekosea, ilimradi mchezo haujaanza tena. Alitufundisha hivyo mara nyingi. Lakini yeye hakubadili hata mmoja, hata ule ambao kila mtu, na yeye akiwemo, alijua ni kosa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema anaogopa, kwamba akirudi nyuma mara moja watamsukuma kila siku. Aliniambia hivyo tukiwa tunapanda ngazi.

Macho yakaanza kumharibikia. Ni presha ya macho, na alipoteremka mjini kwa madaktari ikaonekana amechelewa. Alirudi na miwani isiyomsaidia kitu, akatukuta tumekaa tunaona aibu. Alisema miaka yote tumekuwa tukimwambia haoni, sasa tushukuru, tumeombea na tumepata. Tulicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Sote tulikuwa tunawaza kitu kimoja, nani atashika filimbi.

Kwa mila zetu jibu lilikuwa wazi. Ukoo huku unafuata mama, na vya mjomba vinakwenda kwa mpwa. Yule Mpwa wa njia ya makalio alikuwa sasa mtu mzima, dereva wa fuso, mchapakazi, ana moyo mzuri, na juu ya yote ni mtani wa ng'ambo kama mjomba wake. Refa akampa mechi moja ndogo ajaribu. Tulikuwa nyuma kwa goli moja. Dakika zikaisha, Mpwa akaongeza. Za kuongeza zikaisha, akaongeza nyingine. Tuliposawazisha ndipo akakumbuka kumaliza mpira. Mimi nilimshangilia na kumrushia kanga yangu. Refa alikuwa amekaa pembeni, akatikisa kichwa.

Mtu aliyemtaka yeye alitushtua wote. Ng'ambo kuna mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, aliyejifunza uamuzi mjini na kupewa cheti. Refa alimsikia akichezesha mechi ya vijana. Mwalimu alitoa penalti kwa timu ya kwao, watu wake wakaruka, kisha akaenda kumuuliza mshika kibendera, akarudi, akasema mbele ya watu wote kwamba amekosea, si penalti. Watu wake walimzomea. Yeye akaudondosha mpira, mchezo ukaendelea. Refa alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama kijana. Aliniambia yule ana kitu ambacho yeye hana.

Ukoo uliitisha kikao. Mpwa alizungumza kwa adabu, akasema haombi, anakumbusha tu mila. Wazee wakaongeza jambo zito zaidi, kwamba Mwalimu hana utani na sisi. Ukoo wake ni mwingine, wa watu waliohamia. Akitukosea, hasira yetu itakuwa halali, na ikiwa halali nani atazuia mawe? Refa aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Filimbi siyo shamba," akasema. "Shamba la ukoo mpeni mpwa wangu, hata leo. Lakini hii nilipewa na pande mbili zilizogombana. Mkimpa mtu wetu, mmewaambia wenzenu wasije tena. Na utani ulinisaidia mimi nikiwa hai. Nikifa, mtacheza kwa kutegemea nini?"

Hakuna aliyefurahi. Wakakubali kwa sababu ni yeye. Mwezi ule binti yake aliyeolewa mjini akaja kumchukua akakae naye, na Refa akateremka bila filimbi.

Mechi ya sisi na ng'ambo ilipofika, mshindi apewe mbuzi wa maziwa, nilimpandisha Refa mimi mwenyewe kutoka mjini, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na matenga matupu. Kiti cha plastiki kikawekwa karibu na mstari wa kati. Akanitaka nikae kando yake nimwambie. Mimi, katika watu wote. Nikamwambia kila kitu, nani ana mpira, nani ameanguka, na nilijitahidi nisitukane ili nisikie ninachosema. Ilikuwa ngumu. Mwalimu alikuwa anakimbia kuliko wachezaji, na kila akipuliza filimbi, wanaume nyuma yangu walinung'unika kwa sauti inayopanda.

Mpira ulikuwa unaelekea kuisha, hakuna aliyefunga. Ng'ambo wanateremka, mpira ukapigwa juu ndani ya kumi na nane yetu, watu wakaruka, filimbi ikalia.

"Nini?" Refa akauliza.

Nikamwambia Mwalimu ameonyesha penalti. Amesema tumeunawa.

"Mpira umeufuata mkono, au mkono umeufuata mpira?"

Nilikuwa nimeona vizuri kuliko nilivyotaka. Mkono ulinyanyuka, ukaenda kuutafuta mpira, ukaupata.

"Mkono umeufuata," nikasema.

"Wa nani?"

"Wa mwanangu."

Tayari watu walikuwa wanakuja, wanaume wengi, Mpwa mbele yao. Hawakumwendea Mwalimu, walimjia yeye. Mpwa alikuwa anahema. Alisema mjomba aseme neno moja tu, yule binti atamsikia, mchezo haujaanza tena, bado anaweza kubadili. Nyuma yake mmoja alikuwa ameshainama kama mtu anayetafuta kitu chini, na mahali pale hakuna kitu ila mawe. Nilimwona. Refa hakumwona, lakini nadhani alisikia.

"Mimi sijaona," akawaambia. "Aliyeona ndiye mwenye filimbi."

Mpwa akasema hakuna mwingine aliyeona, ni uongo wa ng'ambo. Hapo nikasimama. Nilisema kwa sauti ileile wanayoijua, ile ya kila Jumapili, kwamba mimi nimeona, mwanangu ameunawa, na mtu anayetaka kubisha abishe na mama yake. Nilitegemea watanizomea. Walinitazama tu. Yule aliyeinama akajinyoosha mikono mitupu. Mpwa akanitazama, akamtazama mjomba wake, akageuka, akaanza kuwarudisha watu nyuma ya majivu, mmoja mmoja, kwa viganja vya mikono.

Wakapiga penalti, wakafunga, na haukupita muda mpira ukaisha. Tumefungwa nyumbani kwetu, na mtu wa ng'ambo ndiye aliyepuliza. Mwanangu alipita mbele yangu bila kuniangalia. Iliniuma, sitaficha.

Refa akamwita Mpwa. Akamwambia awasindikize wageni mpaka mtoni, atangulie mwenyewe, Mwalimu afuate nyuma yake. Mpwa akajibu haya mjomba. Kelele zikaanza kuteremka, nyimbo, vigelegele, na mbuzi akilia. Mbuzi alikuwa wa kwetu na hakutaka kuhama, alikita miguu kwenye njia, ng'ambo wanamvuta na hawajui pa kumshika. Nikaona mwanangu anatoka kwenye kundi la wenzake waliokaa wamenuna. Akateremka, akamshika mbuzi pembe moja na mkia, kama tunavyowashika nyumbani, akaanza kumsukuma kuelekea mtoni pamoja nao.

Watu wetu walitawanyika. Tukabaki wawili, na baridi ilikuwa inaanza kushuka. Nikamwambia Refa twende, chai iko tayari. Hakuinuka. Alikuwa ameelekeza sikio upande wa bonde.

"Wamevuka?"

Nikatazama chini, kwenye daraja la magogo. Mpwa alikuwa amesimama upande wetu, anawapisha mmoja mmoja.

"Wanavuka."

Akangoja. Nyimbo zikawa ndogo, zikahamia upande wa pili.

"Wamevuka?"

"Wamevuka."

"Wote?"

"Wote, Refa. Na mbuzi."

Ndipo akanyoosha mkono nimwinue.